Ulanga Uliopungua Uzito

Asimwe mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mabira sote wazima. Bibi yako anaanika kahawa. Umeuliza maji yanafikaje chini kabisa ya dunia, kwenye joto lile.

Nikiwa karani kijana kwenye machimbo ya bati hapa Kyerwa, nilipima jiwe la ulanga, lile linalong'aa na kubanduka kama karatasi, kavu kabisa. Kesho yake nikaagizwa nilipime tena, nikakuta limepungua. Nikajua nitaitwa mwizi na kufukuzwa. Nilitamani kunakili uzito wa jana, lakini nikaandika nilichokiona.

Mtaalamu wa miamba, aliyeniagiza, akasoma daftari langu, akacheka. "Umekula jiwe, karani?"

"Hapana, mzee! Sijamega hata kidogo!"

"Nililichoma tanurini jana." Akatia kipande kingine kwenye mrija wa kioo, akakiunguza kwa moto mkali. Juu ya kioo yakatokea matone. "Maji yamo ndani ya jiwe lenyewe. Miamba ikizama ndani ya dunia, hushuka nayo. Mengine joto huyatoa njiani, mengine huhamia kwenye madini mengine yanayozidi kwenda chini. Ungenakili uzito wa jana, nisingejua maji yaliyotoka yalikuwa kiasi gani."

Nilijiandaa kufukuzwa, lakini jioni nilirudi nyumbani na ufunguo wa chumba cha mawe, nilioaminiwa kuutunza.

Wasalimie unaokaa nao.

Babu yako