Mashine Ilitia Shaka

Jumatatu, 4 Novemba

Bango la utafiti wangu limekaribia kwisha! Profesa Tak amelitazama akiwa amesimama, kahawa mkononi, na hakukunja uso. Kwa Profesa Tak hizo ni pongezi tele. Kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo, hapa hapa chuoni — kikao cha tafiti changa, za watu na akili mnemba wanaofanya kazi pamoja. Unaleta chungu ambacho hakijaiva, wenzako wanafunua kifuniko, wananusa, wanasema chumvi haijakolea. Changu hakijaiva, lakini kinanukia.

Nijizoeze kueleza, maana siku yenyewe ulimi utanikauka. Kila asubuhi mashine inawapigia simu wazee wanaoishi peke yao. Umelalaje, umekula, kuna panapouma? Ikisikia hatari, inaita gari la wagonjwa. Ikitia shaka, inapeleka sauti kwa watu watatu wa kujitolea, nao wanapiga kura: salama au hatari. Sasa, mashine ni mwoga. Kila kikohozi kwake ni msiba. Watu wanaituliza. Ndiyo matokeo yangu yote! Mtu akikaa pamoja na mashine, magari ya wagonjwa hayatoki bure.

Mfano wa katikati ya bango nimeuchagua mwenyewe. Bibi Gu Mal-sun, wa mtaa ulio nyuma ya soko. Mashine inamuuliza, umekula, Bibi? Naye: "Nimekula, nimekula. Nimekaa tu hapa jikoni, kabichi zimenichosha. Na wewe je, umekula?" Mashine haina jibu la swali hilo, maskini! Ikatia shaka. Watu watatu wote wakasema salama. Kila nikiisikiliza nacheka.

Imebaki ridhaa yake. Nimepiga simu, haikupokelewa. Msimu wa kimchi huu, kabichi za kutiwa chumvi na pilipili kwa mwaka mzima — nani ana mkono mkavu wa kushika simu?

Jumatano, 6 Novemba

Amepokea mwanamume.

Nikasema naomba kuongea na Bibi Gu. Akasema mama ametangulia, wiki iliyopita, na mazishi yamekwisha. Wewe ni nani? Nikasema natoka chuo kikuu, ni mambo ya zile simu za asubuhi. Simu gani, akauliza. Alikuwa hajui. Nikasema poleni, poleni sana, kama kasuku.

Ni mwanawe, Noh Cheol-gyu, anafanya kazi kwenye karakana ya meli huko Ulsan. Amekuja kufunga nyumba. Anasema mama alikutwa jikoni Jumatano asubuhi. Hakupokea simu, mtu wa kata akatumwa kuangalia. Daktari akasema ni moyo, na kwamba ilikuwa tangu jana yake.

Jana yake ni Jumanne. Sauti iliyo kwenye bango langu ni ya Jumanne.

Mimi sikujua kwa sababu wasiopokea simu ni habari za kata. Kwangu zinakuja sauti tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeisikiliza tena. Sikucheka. Kati ya neno na neno kuna pumzi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. Mashine iliisikia! Ndiyo iliyoitia shaka, si lile swali la umekula. Sisi ndio tulioiambia itulie.

Nikafungua maoni ya wale watatu. Mmoja kaandika: mama yangu naye msimu huu hukaa chini jikoni kutwa nzima, hanyanyuki. Mwingine: jamani, kabichi hizi! Wa tatu kaweka alama ya kucheka. Siwezi kuwakasirikia, mimi mwenyewe nilicheka kuliko wao. Nchi nzima ina mama aliyechoka na kabichi mwezi huu, kwa hiyo aliyechoka kwa jambo jingine hasikiki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nimemwambia kaka In-hyeok, aliyenitangulia hapa maabara na anayejiona baba wa maabara nzima. Tulikuwa tunakula tambi kwenye meza ya printa.

"Hujamuua wewe, mdogo wangu."

"Nani kasema nimemuua?"

"Uso wako. Toa huo mfano, weka sauti ya yule babu na mbwa wake. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi jua kimya kimya. Kula, tambi zinavimba."

Hata nikiutoa mfano, Bibi Gu atabaki ndani ya ule mstari wa buluu wa kwenye grafu yangu. Mstari wa mafanikio. Gari la wagonjwa ambalo halikutoka bure.

Ijumaa, 8 Novemba

Ofisini kwa Profesa Tak. Nilijiandaa kugombana, na ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Alisikiliza sauti mara moja, akavua miwani, akakaa hivyo.

Kisha akaongea kiprofesa. Kisa kimoja si matokeo. Nikamwambia kisa kimoja ni mtu mmoja. Akasema anajua. Akasema watu wa manispaa watakuwepo Ijumaa, na wakisikia habari hii watafunga mradi siku hiyo hiyo. Na ukifungwa, wazee wote waliobaki hawatapigiwa na mtu, asubuhi itapita tupu. Wengine hiyo simu ndiyo sauti pekee wanayoisikia kutwa. Nimelifikiria hilo? Sikuwa nimelifikiria. Nilitamani kulia mbele yake, nikajizuia kwa kutazama mmea wake wa miiba dirishani, ambao nao haujamwagiwa maji.

Mwisho akasema: bila ridhaa ya familia usitamke hata neno moja la marehemu. Nenda ukaombe. Wakikubali, liseme. Wakikataa, bango linabaki na babu na mbwa.

Akanisindikiza hadi mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia mama. Hajambo, amekula, kabichi ameshazitia chumvi. Nikamwambia aniambie kweli. Kweli gani? Mwili wako, mama! Hakuna kitu. Nikapandisha sauti. Nikamwambia acha kunidanganya, mimi si mgeni.

Akasema polepole: "Nikikwambia goti linauma, utafanyaje? Utakuja?"

Nikasema nina kikao Ijumaa.

"Haya. Basi goti haliumi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekwenda nyumbani kwa Bibi Gu. Bwana Noh alinifungulia akiwa na glavu za mpira mikononi. Mtu mpana, mwenye sauti ndogo. Kabichi za mama yake zilikuwa bado kwenye beseni kubwa, zimelala kwenye chumvi mpaka zimelegea, hazifai tena. Alisema hajui azitupe wapi. Jirani alimwambia pa kuzitupa, akaenda hadi pale, akarudi nazo.

Nilijaribu kueleza mradi. Uongo ninaousema vizuri kwenye mabango ulinikwama.

"Yaani mashine ilikuwa inampigia mama kila asubuhi?"

"Ndiyo, Bwana Noh. Yeye mwenyewe ndiye aliyejiandikisha kwenye kata."

"Mimi nilikuwa napiga Jumapili." Akavua glavu moja, akaivaa tena. "Jumapili nyingine napitiwa. Alikuwa ananitaja?"

Nikamwambia kuna sauti ya Jumanne ile, siku ya mwisho. Nikamweleza kila kitu — mashine ilitia shaka, watu wakasema salama, mimi nikaiweka kwenye bango kama mfano mzuri. Nilisema nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Nilingoja anitukane. Ningepumua kidogo kama angenitukana.

Akasema anarudi Ulsan Ijumaa. Atapita chuoni kwanza. Atasikiliza, kisha atanipa jibu. Akanifungia kimchi ya mwaka jana kwenye mfuko, chupa nzima, kwa sababu yeye hawezi kubeba zote. Nimeipokea kwa mikono miwili. Sijaifungua.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimechapisha mabango mawili. Moja lina babu na mbwa wake. Jingine lina Bibi Gu, na juu yake nimeandika: Pale watu walipoinyamazisha mashine iliyokuwa sahihi. Kaka In-hyeok amenishikia ncha ya karatasi isikunjike, hajasema neno. Kwake huko ni kuniunga mkono.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika hapa koridoni, kwenye goti.

Bwana Noh alikuja mapema, suti nyeusi, begi la safari. Nilimpeleka kwenye chumba kidogo cha maabara, nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza. Akatabasamu! Akasema, mbona yuko sawa, Mwalimu? Ndivyo anavyosema kila msimu wa kimchi. Nikahisi kitu kama nafuu, naona aibu kuandika hivi — kama mwanawe hasikii, sisi wengine tungesikiaje?

Akairudisha sauti mwanzo. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

Akavua hedifoni.

"Anasema amekaa wapi?"

"Jikoni."

"Mama haketi jikoni." Aliitazama kompyuta, si mimi. "Magoti yake hayakunjiki. Kabichi anazifanya akiwa wima, tangu mimi mdogo. Akiketi chini hawezi kunyanyuka bila mtu kumshika."

Nami nikaitazama kompyuta.

"Mlimpa mtu asiyemjua asikilize. Watatu wasiomjua. Namba yangu alikuwa nayo kwenye simu yake." Hakupaza sauti. "Mbona hamkuniuliza mimi?"

Nina miaka mitatu kwenye utafiti huu. Nimesoma nani apewe sauti, wangapi, kura zihesabiwe vipi, wachoke baada ya muda gani. Hilo swali sikuwahi kulikuta mahali, wala sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia hivyo. Nikasema sikufikiria.

Nikamuuliza kuhusu ridhaa. Kwa wakati ule! Sijui nimeumbwaje. Akasema, niache kidogo peke yangu na mama. Nikatoka nikafunga mlango.

Profesa Tak ameshanitumia ujumbe. Watu wa manispaa wamefika. Wanazunguka kwenye mabango, ubao wangu ni mtupu, nami niko wapi? Mabango yote mawili ninayo hapa miguuni, yamekunjwa, kwa nje yanafanana. Kaka In-hyeok amekuja mbio hadi kona ya korido, amenitazama, nimemwashiria kwa mkono asubiri. Amechuchumaa pale pale.

Bwana Noh amechomoa hedifoni. Sauti inatoka hadi huku. Mashine inauliza kama kuna panapouma. Bibi Gu anasema hapana, hakuna, ngoja ninyanyuke, sufuria iko motoni.

Na Bwana Noh anamjibu. Anamwambia, usinyanyuke, Mama. Kaa hapo hapo. Nakuja kukushika.

Sauti imekwisha. Ameirudisha mwanzo.