Mutumbwi ya Parc

Kambere mwana wangu,

Mboga ya sombe iko mu sufuria, muipashe moto mbele ya kutoka. Mulango ya nyuma mufunge, mbuzi ya jirani inajua njia.

Mimi nimetangulia ku parc ya michezo na fimbo yangu. Na hii magoti, kutoka hapa Bulengera mpaka kule inakula asubuhi muzima. Pikipiki hapana: motard wa jana aliniangalia, kisha akaangalia pneu, mupira ya pikipiki yake.

Donc, leo asubuhi nilikuwa inje nawasha makala, dirisha wazi. Nilikusikia unaambia bibi yako, mukamwana wangu: «Mama abakie ku kiti ya banc alinde biatu. Akipanda mutumbwi, itainama, tutazama wote.» Mukacheka. Hata katoto kenu Rébecca kakacheka.

Kila mwaka munaruka na batoto mu ile nyumba ya mupira ya kujaza upepo, mimi ninalinda biatu. Mwaka ilipita nilijaribu manège, ile mashini ya kuzungusha batu, mikono ya kiti ikanibana mpaka batu batatu banivute.

~~Musikuje.~~ Mukuje. Matike iko na mimi.

Mwenye mutumbwi nilimupigia simu jana. Anasema kiti yake ni ubao murefu tu, hapana kunibana. Mais ni kweli, nikipanda peke yangu itainama. Lazima mutu akae ku upande ingine.

Nilimujibu: mutu iko, ni mutoto wangu.

Mama yako