Nduma za Jone

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa, na unateremka hadi kijitoni bila fimbo. Mimi ni mzima. Joto la Jeddah linachosha kuliko la Riyadh, maana hapa hewa ni nzito na shati halikauki mgongoni, lakini ninakula na ninalala.

Nilikwambia kwa simu kwamba bosi alinihamisha kutoka Riyadh nije kuendesha gari la nyumba yake ya hapa. Sikukwambia habari za bustani. Bosi anapenda mimea ya visiwa vya Pasifiki. Amejenga banda la vioo lenye mashine ya kupoza hewa, na ndani mna mishelisheli mitatu, mikadi ambayo majani yake husukiwa mikeka, na nduma, Mama, nduma kama zako kabisa. Mtunzaji ni Jone, mtu wa Fiji, amenizidi miaka kama kumi. Yeye huziita dalo. Nilipomwambia kwetu tunazichemsha tukala na chai, alicheka, akanipikia majani yake kwa tui la nazi. Tangu siku hiyo tumekuwa ndugu.

Mwezi wa saba mama yake alifariki. Asubuhi nilimkuta amekaa chini katikati ya nduma, simu mkononi, mpira wa maji unamwagika tu. Akaniambia, "Wataningoja wiki moja. Mimi ndiye kifungua mimba."

Tukaenda kwa bosi pamoja. Alimpa pole, kisha akasema hawezi kumruhusu wakati wa joto hili, kwani hakuna mwingine anayeijua mimea.

"Mimi nitaitunza," nikasema.

"Wewe ni dereva."

"Mama yangu analima nduma tangu sijazaliwa. Nimekua nikizipanda."

Akanitazama. "Na mishelisheli?"

"Jone atanifundisha."

"Hata mmoja ukifa, hakuna likizo ya Desemba. Umekubali?"

Jone alinivuta mkono nisijibu. Nikasema ndiyo.

Alinifundisha siku moja, kesho yake nikampeleka uwanja wa ndege. Mambo yalikwenda vizuri hadi mashine ya hewa ilipokufa, na fundi akachukua siku mbili kufika. Nilitundika magunia yaliyoloweshwa kwenye vioo vyote, nikawa nanyunyizia majani kila baada ya muda mfupi. Nduma zilistahimili kwa sababu miguu yake iko majini. Mikadi haikujali. Lakini mishelisheli miwili ilipukutisha majani. Mmoja umechipua tena. Wa pili umekauka.

Bosi alikwaruza gome lake kwa ufunguo, akaona ndani pakavu. "Mwakio, umejitahidi," akasema, wala hakuwa na hasira. "Lakini tulikubaliana. Utakwenda Pasaka."

Kwa hiyo Mama, Desemba siji. Najua umeshakandika chumba changu upya. Siku tatu nimeshika simu nikashindwa kukupigia, maana naogopa ukinyamaza, ndiyo nikaona niandike.

Jone amerudi. Walimngoja. Anasema mama yake alilazwa juu ya mikeka aliyoisuka mwenyewe, na yeye alikuwa miongoni mwa waliomteremsha kaburini. Aliposikia habari yangu alitaka kwenda kwa bosi, ile likizo yake ya mwakani nipewe mimi. Nikamkatalia. Akaniomba jina lako, alitaje anaposali.

Usinikasirikie, Mama. Asubuhi ile nilipomwona pale chini, nilijiona mimi, na sikuweza kugeuka nikaenda kuosha gari.

Msalimie dada yangu Wakesho, umwambie yule mbuzi wa kunipokea asichinjwe. Msalimie mjomba anayekusaidia kulima, na katekista wetu, umshukuru kwa kukusomea barua hii. Akimaliza kusoma, mwombe akupigie namba yangu. Hata kama huna neno la kusema, nitakaa na simu sikioni.

Mwanao anayekupenda,
Mwakio