Baba, Umelala Upande Gani?

Baba yangu uliyelala hapa Ibra, Omani, mahali ambapo mwanao sipajui,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa hupendi mtu anayezungukazunguka na maneno. Nimekasirika na Mjomba Nassor, nimekasirika na mvua, na wewe pia kidogo, kwa kufa siku za joto kali, ukazikwa haraka na wanaume wa msikitini, sisi wanawake tumeachwa ndani tunalia.

Dada yako kule Uingereza ananipigia simu kila wiki. "Nitumie picha ya kaburi lake," ndiyo maneno yake, hana mengine. Mzee yule hawezi tena kupanda ndege. Anataka aone ulipolazwa kabla na yeye hajaondoka, na mtoto wenu ni mimi peke yangu, nani mwengine atamtumia? Nikawa namwambia, shangazi, ngoja Mama amalize eda, tutakwenda pamoja. Basi Mama amemaliza, na Ijumaa tumekwenda. Nitakueleza yaliyotukuta, lakini niache kwanza nikukumbuke kidogo, maana huko mbele hapana raha.

Ulikuja huku kuchimba visima, ukasema miaka miwili tu halafu unarudi kwenu. Thubutu! Ukamuona Mama, ukasilimu, ukaoa, na Bibi mzaa mama akakufanya mwanafunzi wake. "Anza Kiswahili," alikwambia, "Kiarabu kitakuja chenyewe." Wallahi hakikuja. Umri wako wote umenunua nyama na halwa kwa Kiswahili, na watu wakakujibu, kwa kuwa nusu ya wazee wa mji huu wamezaliwa Unguja. Kilichokuwa kikinichekesha ni vile ulivyowasahihisha vijana wetu. Mtoto wa Kiomani anasema "kitu mzuri", na wewe Mzungu unamkatiza, "Kizuri, yakhe, kizuri!" Nilikuwa natamani ardhi ipasuke niingie.

Na ile Jumatano ya soko la wanawake? Kila mtu Ibra anajua mwanamume haingii mle, hata wa kumshikia mkewe kapu. Wewe ukaingia kifua mbele kumnunulia Mama udi, umtie furaha. Kelele zilizopigwa! Mama alikuwa dukani upande wa pili, akasikia "Mzungu, Mzungu!" akajua ni wake. Alikutoa kwa mkono huku anacheka mpaka machozi, na wewe umeukumbatia udi wako hutaki kuuachia. Tangu siku hiyo ulikuwa unamngojea garini, umekaa kwa adabu.

Ulikuwa mume, Baba. Nawaona wanaume wengi, nafanya kazi ofisini Nizwa na watu wazima wenye ndevu zao, na bado sijamuona anayemkanda mkewe magoti kwa mafuta ya nazi mbele ya wageni. Mjomba Nassor alikwambia siku moja, "Wewe unatuharibia wake zetu." Ukamjibu, "Basi njoo nikufundishe." Mjomba aliudhika, akakaa wiki nzima haji kwetu. Alivyorudi alikuwa na kikapu cha tende, na tangu hapo mkawa hamwachani mpaka mauti yako.

Sasa sikiliza habari ya Ijumaa. Nimekuja kutoka Nizwa njia ya Sinaw, nimefika nyumbani nikamkuta Mama ameshajitayarisha. Muda wote wa eda hakugusa manukato. Siku ile amejifukiza udi, chini ya abaya amevaa kanga mpya, utasema anakwenda harusini. Mjomba akaanza kunung'unika, "Wanawake makaburini mnatafuta nini?" Mama akamwambia, "Namtafuta mume wangu. Tangulia."

Unajua huku kwetu kaburi haliandikwi jina. Mwanamume anawekewa mawe mawili, kichwani na miguuni. Mwanamke anawekewa matatu, la tatu katikati. Basi, hakuna alama nyengine. Na tangu ulipozikwa mvua imenyesha vibaya, wadi, ule mto wa mvua, umefurika ukapita pale juu, udongo umelala sawasawa kote, huwezi kutambua kaburi la jana na la zamani.

Mjomba alitangulia na bakora yake. "Huyu hapa," akasema. Akenda mbele, akarudi nyuma. "La, huyu." Mama akachutama palepale, akaanza kuzungumza nawe. Mimi nimesimama nyuma yake, simu mkononi, tayari kumpigia shangazi picha yake. Nikaangalia vizuri. Mawe yalikuwa matatu.

Nikamvuta Mjomba pembeni, "Una hakika?" Akanikaripia, "Mimi ndiye niliyemshusha kwa mikono yangu hii!" Lakini macho yake kayapeleka mlimani. Ungemuona, Baba, ungemuonea huruma. Nikarudi nyuma ya Mama. Mama naye anaendelea: mbuzi wa jirani amekula mhina wote, pampu ya maji imeanza tena ule ukorofi wake, magoti yanamuuma na hana wa kumkanda. Akacheka kidogo, akaanza upya. Picha sikupiga, simu nikaitia mkobani.

Baada ya sala ya alasiri niliwafuata wale wengine waliokuzika. Kila mmoja alinionesha mahali pake, na kila mmoja anaapa. Mmoja alikuwa na hasira kabisa kwamba sisi watu gani tunaotaka kujua jiwe la mtu, muombeeni dua mahali popote, inatosha. Najua inatosha. Wao wana baba zao, na babu zao, na ukoo mzima pale ndani, popote watakapoomba watampata mtu wao. Wewe uko peke yako, Baba. Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Lakini kabla ya hapo, kutoka makaburini, tulimshusha kwanza Mjomba kwake. Tulipokaribia nyumbani Mama akasema, "Mawe matatu yale."

Nusura nigonge ukuta. "Kumbe umeyaona?"

"Mie mtu wa Ibra, nisiyaone?"

"Sasa mbona umekaa saa nzima unazungumza?"

"Nimuaibishe kaka yangu na uzee wake?" Akavuta ushungi wake vizuri. "Nilimuomba radhi yule bi mkubwa mwenye kaburi. Nikamwambia, mie namtafuta mume wangu, yuko hapahapa karibu. Mrefu, Mzungu, anazungumza Kiswahili. Ukimuona mwambie nilikuja."

Kisha akalia, Baba. Hakulia hivyo hata siku ulipokufa. Nilisimamisha gari mbele ya mlango wetu, nikamshika.

Jana shangazi amepiga simu tena. Sikuweza kumdanganya, sikuweza kumwambia kweli, nikamtumia picha ya makaburi yote, mlima kwa nyuma. Akaniandikia palepale, amefurahi, anashukuru, na anauliza: lipi?

Nami nakuuliza wewe.

Mola akurehemu huko uliko, nasi atupe subira.

Binti yako