Bega Langu, na Mtu Anichanaye Nywele

Chumba cha juu, kwa mshona viatu,
Nyuma ya uwanja wa maonyesho.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu za mapenzi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Kifua chako kimetulia, au baridi bado inakusumbua? Na kitindamimba, meno yamemwacha alale? Mimi sijambo, ila mwandiko huu utauona umepinda kama uzio wa mlevi, maana naandika kwa mkono wa kushoto. Usishtuke. Kaa kwanza nikueleze.

Kazi yangu unaijua. Watu wakishamtazama Pandikizi, lile pande la mtu la sarakasi yetu, akinyanyua vyuma, huja kwenye hema letu la pembeni kuniona nikijikunja mzima mzima ndani ya sanduku la kioo ambalo hata mbuzi angelikataa. Nje, mnadi hupaza sauti kwamba sina mfupa hata mmoja. Mifupa ninayo, dada, tena inauma kuliko ya watu.

Bega langu la kulia unalijua wewe kuliko mtu yeyote. Utotoni lilipochomoka ni wewe uliyelirudisha, huku ukiniimbia ili mama asisikie kilio. Basi mwezi uliopita lilichomoka nikiwa ndani ya sanduku, kifuniko kimefungwa, magoti yamefika masikioni. Kioo kilinibana kifua, pumzi ya kuita sikuipata. Watu wakapiga makofi wakidhani ndio ufundi wenyewe, na mnadi akazidi kunipamba: "Mtazameni! Hata hapumui!" Hakujua alivyokuwa karibu na ukweli.

Aliyejua ni Pandikizi. Alikuwa kwenye upenyo wa hema akijifuta jasho, akayaona macho yangu. Aliwapangua watu, akang'oa kifuniko pamoja na bawaba zake. Lakini hakunivuta. Alipiga magoti, akauliza taratibu, "Nianzie wapi?" Nikamwambia mguu wa kushoto. Akanitoa kiungo baada ya kiungo, kama mtu anayefumua uzi uliosokotana, na kila mara akiuliza, "Na sasa?"

Daktari alilirudisha bega, akaniambia kwamba sikulogwa wala sina mifupa laini. Kano zangu zimelegea tangu kuzaliwa, na sasa zimechoka. Mazoezi ya kuipa misuli nguvu, sawa; sanduku, hapana. Nikirudi humo, alisema, iko siku mkono huu hautaweza hata kushika kikombe. Nilirudi chumbani nikalia kama mtoto. Wewe unajua walivyonicheka na kuniogopa tangu tukiwa wadogo. Ndani ya kile kioo tu ndimo walimonishangilia. Nikajiuliza, nikikaa wima kama watu wote, nitakuwa nani?

Siku za mwanzo sikuweza hata kujichana. Asubuhi moja Pandikizi aliniletea chai, akakiona kichwa changu kilivyo kichaka, akachukua kitana bila kuuliza.

"Vuta kidogo," nikamwambia, "hujafika hata kwenye ngozi."

"Sivuti. Kichwa kikibaki mkononi mwangu, nitamwambia nini mwenye sarakasi?"

Nilicheka mpaka bega likanikumbusha lipo. Tangu hapo huja kila asubuhi. Njia anazozigawa kichwani hazijanyooka hata moja, lakini sijathubutu kumwambia.

Mwenye sarakasi nilimweleza kwamba sanduku basi. Alinuna, akasema watu wanalipenda sanduku, hawanipendi mimi. Nikamwomba anijaribu mara moja tu. Juzi, kwa ruhusa ya daktari, mkono ukiwa umefungwa kifuani, nilipanda juu ya meza tupu, nikatumia mgongo na miguu tu. Nilikwenda polepole, na palipotaka kuuma nikaishia hapo. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja wa mbele alikuwa akiinamisha shingo pamoja nami bila kujijua. Nilipomaliza, mwenye sarakasi alikohoa kule nyuma. "Kesho pia," akasema, akaondoka zake.

Sasa lile hasa lililonishikisha kalamu. Jana Pandikizi alipomaliza kunichana hakuondoka. Alikaa, kiti kikalalamika, akawa anakizungusha kitana mkononi.

"Kwenu," akasema, "mtu akiwa na neno la heri, anamwendea nani?"

Nikamwambia wazazi wametutangulia. Yuko dada yangu aliyenilea, naye si mtu wa kupelekewa maneno matupu.

"Mkali?"

"Sana."

Dada, mtu huyu anayebeba vyuma vya kutisha alitokwa na jasho jembamba. "Basi mwandikie wewe kwanza," akasema.

Ndiyo hivyo nimekuandikia. Sikufichi, moyo wangu umekwisha kukubali, lakini sitamjibu kabla sijasikia neno lako. Najua utauliza ukoo wake na tabia zake, na yote nitakujibu. Kwa leo nikwambie hili moja: kila mwanamume aliyewahi kunijia, mapema au baadaye, aliniomba nimwonyeshe ninavyojikunja. Huyu hajaomba. Anachouliza kila asubuhi ni kama nimelala vizuri.

Nisalimie sana shemeji, mjomba na cherehani yake, na shangazi, umwambie shali yake bado inanipa joto. Wabusu watoto mmoja mmoja. Mungu aufunike mlango wako kwa amani, na kila anayeuingia aingie na heri.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Utepe