Jeli ya Nekesa Imeliwa

Alhamisi, Kayole

Na mimi ningejuaje kwamba hiyo jeli ni masomo? Mtu akiweka kitu kinachong'aa kwenye sufuria yangu ya wageni, wageni watakila.

Wamama wa jumuiya walikuja kusali, wakaiona mezani, wakaibariki. Ningesema sijapika? Nikakata vipande. Mama Kasyoka akatafuna, akasimamisha taya: "Haki shosho, leo umetupikia mchanga?" Mimi! Mimi ambaye huchagua mchele hadi macho yanauma.

Mjukuu wangu Nekesa aliporudi kutoka chuoni akalia. Ndani ya jeli alikuwa ameficha punje mbili za mchanga zilizokaribiana. Mashine yake ya altrasaundi, ndugu ya ile wanayopimia wajawazito, ilikuwa inaziona kama wingu moja. Ameirekebisha mpaka inaziona mbili, na kesho lazima awaonyeshe walimu, la sivyo anarudia mwaka.

"Hata mimi bila miwani naona moja," nikamwambia, "na sijapewa digrii."

"Shosho, nyamaza tu."

Nikamchemshia jeli nyingine. Mchanga nikauosha mwenyewe, nikausuuza, nikachagua punje za heshima. Tukajaribu kwa mashine yake: nukta mbili, kila moja peke yake. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini kesho naiogopa. Walimu nao ni watu, na asubuhi wana njaa. Nimemwambia asimwachie yeyote hiyo sufuria, hata awe profesa.