Muhuri wa Posta ya Mutshatsha

Jumamosi

Kumbe Mama Régine hakuwa anatunga! Miaka yote wanawe wanamcheka akisema aliwahi kugonga mihuri kwenye posta ya Mutshatsha. Hata mimi, jirani yake hapa Manika, nilikuwa na shaka. Naona aibu kuliandika.

Leo nimefungua barua za marehemu baba. Kwenye timbre moja, stempu ya bahasha, juu ya picha ya ndege, muhuri unasomeka wazi: MUTSHATSHA. Nilikimbia nayo kwake bila viatu.

Aliitazama, akacheka mpaka machozi. "Ona, muhuri umelala upande. Nilikuwa nagonga na mukono ya kushoto. Ni kazi yangu hii! Mi nilibaambia!"

Wanawe waliokuwapo wakapokezana timbre ile. Kisha yule mkubwa akavuta kiti karibu naye: "Mama, utuelezee tena, tangu mwanzo."